Ulinzi wa anga haupangwi kwa jina la mdudu

Ukiwa na maeneo 40 yanayofaa na mitambo 8 ya kutungua ndege, una mipangilio 76,904,685 ya kuchagua. Kompyuta ya leo inaweza kuipitia yote. Ugumu huanza unapoongeza urefu wa antena, aina za makombora na njia za kupeleka silaha, na hapo ndipo watafiti hukimbilia algoriti (taratibu za kukokotoa hatua kwa hatua) zinazoiga makundi ya viumbe. Marco Dorigo aliiga sisimizi katika tasnifu yake ya mwaka 1992. Mwaka 1995 James Kennedy na Russell Eberhart walibuni algoriti ya kundi la chembe, ambamo kila chembe ni mpangilio mmoja unaovutwa kuelekea jibu bora uliowahi kulipata wenyewe na lile bora lililopatikana na kundi zima. Baadaye wakaja nyuki, popo, mbwa mwitu na nyangumi (orodha ambayo, kwa maoni yangu, imeongeza majina kuliko maarifa).

Sina ugomvi na utafutaji huo. Ninachokitilia shaka ni kipimo unachopewa, ambacho mara nyingi ni ukubwa wa eneo lililofunikwa, utadhani anga ni kitanda kinachosubiri shuka. Rada yenye antena ya mita 10 huiona ndege iliyo mita 50 juu ya ardhi kutoka kilomita 42 hivi tu, kwa sababu ya mviringo wa dunia, hata kama kombora la mtambo wenye rada hiyo linafika mbali zaidi. Milima huupunguza umbali huo tena.

Zaidi ya hayo, sisimizi hutafuta chakula kisichomkwepa, ilhali adui huuchunguza mpangilio wako na kupita penye pengo. Kwa hiyo kila mpangilio unapaswa kupimwa kwa njia nzuri kuliko zote ambayo mshambuliaji angeipata dhidi yake, si kwa wastani wa njia zilizobuniwa na mtafiti mwenyewe.

Tena algoriti hizi hazisemi jibu lake liko mbali kiasi gani na lililo bora kabisa, jambo ambalo hesabu za mstari za namba kamili (tatizo likiandikwa kwa milinganyo ya mstari ambayo majibu yake ni namba zisizo na sehemu) huweza kulisema. Ningezitumia pale tu uigaji wa mapambano ni mzito usioandikika kwa milinganyo, na kwanza ningezijaribu kwenye tatizo dogo ambalo jibu lake kamili linajulikana.