Shemeji, Gesi na Mpangaji wa Dashibodi

Shemeji yangu akiangalia video moja ya ufundi, tayari kahitimu. Mwaka jana alihitimu mabomba, na mpaka leo choo cha wageni pale kwetu tunamwagia maji kwa ndoo. Kwa hiyo aliposema, "Shem, hiyo AC ya gari usimpelekee fundi akala hela zako bure, naimaliza hapahapa uani," mke wangu aliinuka kimya akaenda kuficha bisibisi. Alichelewa.

Mtaniuliza kwa nini nilikubali. Anayeuliza hivyo hajawahi kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela mwezi wa pili, saa nane mchana, vioo vimeshushwa, pembeni lori la mchanga. Dar msimu ule jasho halikauki, linahama tu. Likitoka kwenye paji la uso utalikuta kiunoni. Halafu mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa sendofu ya binti wa mdogo wake, na mimi ndiye niliyepangiwa kumfikisha ukumbini. Watu wa Tanga mnanielewa: yule mama hatoki mlangoni kabla nguo hazijafukizwa udi. Huwezi kumteremsha ukumbini mtu kama huyo akiwa amelowa.

Ugonjwa wa gari ulikuwa huu. Ukiwasha AC kompresa, ile pampu ya kubana gesi, inashika vizuri, "tak", injini inazama kidogo kama ilivyo ada. Lakini hewa inayotoka kwenye matundu ya dashibodi ni ya kubembeleza mtoto, hata ukipandisha feni mpaka namba 4. Ukisogeza shavu karibu, baridi unaisikia. Unasikia na harufu, ya soksi iliyolala na mahindi.

"Gesi," shemeji akasema, kabla sijamaliza kueleza.

Ng'ambo ya michongoma alikuwepo mzee jirani yetu, dereva mstaafu wa malori ya masafa, kwenye kiti chake cha plastiki. "Upepo hautoki, gesi ya nini?" akauliza. Shemeji akamjibu kwa adabu zote kwamba magari ya siku hizi si kama ya enzi zao. Mzee akakubali: enzi zao gesi ilikuwa R12, ilikuwa inagandisha mpaka unaomba sweta, hadi wakubwa wa dunia wakaipiga marufuku kwa kutoboa ozoni. Akarudi kwenye redio yake. Jibu la tatizo letu tulikuwa tumeshapewa, ila lilitoka kwa mtu asiye na bando.

Shemeji akaenda Ilala, akarudi na makopo mawili ya gesi ya R134a na mpira wenye saa ndogo ya presha. Chini ya boneti kuna mabomba mawili ya AC: jembamba la presha kubwa na nene la presha ndogo. Gesi ya kopo hujazwa kwenye lile nene. Shemeji akaanza na jembamba. Akasukuma, akazungusha, akagonga kwa spana, wapi. Vinywa vya mabomba hayo vimetengenezwa kwa saizi tofauti makusudi, maana presha ya upande ule ikirudi kwenye kopo, kopo linaweza kulipuka. Yaani kuna mhandisi huko aliko alimwota shemeji yangu, akaamka usiku akamwekea kizuizi.

Bomba nene likakubali. Kopo likaanza kutoa jasho la baridi, na shemeji akaligeuza kichwa chini "ishuke haraka". Ukiligeuza hivyo kinachoingia ni kimiminika, si mvuke, na kompresa haijaumbwa kubana kimiminika. Kiungo cha mpira kikaanza kuvuja. Gesi ile inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ilipompata vidoleni vikabadilika rangi palepale. Aliruka mpaka kwenye ndoo ya dagaa wa paka.

"Umeona?" akasema akivipuliza vidole, macho yamemtoka machozi. "Baridi ipo!"

Nikamsomea kibandiko cha kwenye boneti: mfumo mzima gramu 450. Kopo moja lilikuwa na gramu 340, na gari lenyewe halikuwa tupu. "Hivyo ni vipimo vya Japani," akanijibu, "kule kuna theluji." Akafungua kopo la pili.

Kompresa ikaanza kushika na kuachia, tak, tak, tak. Kuna swichi inayoikata presha ikizidi. Shemeji akasema inajizoesha.

"Na upepo?" sauti ikauliza kutoka kwenye michongoma.

Upepo ulikuwa uleule. Ndipo video nyingine ikatufundisha kuwa nyuma ya droo ya dashibodi kuna filta. Tukaibana droo pembeni, ikaning'inia, shemeji akafungua kifuniko cha plastiki. Filta ilikuwa imebaki fremu. Nyuma yake kulikuwa na chumba na sebule: pamba ya siti, maganda ya karanga, risiti za mafuta zilizosokotwa vizuri kabisa. Akavuta kwa mkono. Nusu ikatoka, nusu ikadondokea kwenye feni.

"Hiyo itapulizwa," akasema. Hapo hakukosea.

Mama mkwe akatokea mlangoni amekamilika: gauni la zambarau, kilemba, dhahabu, udi unamtangulia. Shemeji akamkimbilia kumfungulia mlango wa mbele. "Karibu mama, kaa usikilizie baridi!" Droo bado inaning'inia, kifuniko kiko juu ya paa la gari. Mimi ni mkwe. Mama mkwe akishaanza kukaa, utamwambiaje asikae? Akakusanya gauni, akaweka pochi mapajani. Shemeji akawasha gari, na yule dada wa Kijapani wa kwenye redio akasema maneno yake ya kila siku. "Ahsante mwanangu," mama akamwitikia.

Feni ikapanda mpaka namba 4.

Kwa kawaida upepo hupita kwenye filta, ukaingia evapoleta, yaani pale unapopozwa, ndipo utokee matunduni. Evapoleta ilikuwa imeziba kwa vumbi na manyoya. Lakini tundu la filta, jirani yake, lilikuwa wazi, usawa wa magoti ya mama mkwe. Vikatoka vyote: pamba, maganda, risiti. Mwisho akatoka mwenye nyumba, akatua juu ya pochi, akasimama kwa miguu ya nyuma kuangalia nani kamhamisha.

"Audhubillahi," mama alisema taratibu, kisha akashuka kinyumenyume kwa kasi ambayo mtu wa kulalamikia magoti kila Ijumaa hapaswi kuwa nayo. Panya akarudi zake ndani ya dashibodi.

Tukaanza kumpangusa. Mke wangu akaokota kwenye kilemba kipande cha karatasi ngumu yenye ua la dhahabu, akakigeuza. Ilikuwa kadi ya mchango wa sendofu hiyohiyo, ile niliyoapa kwamba haijanifikia. Panya alikuwa amekula tarehe na ukumbi. Jina langu alikuwa hajaligusa.

Mama mkwe alikwenda kwa bajaji. Mchango nilitoa usiku huo kwa simu, pamoja na ya kutolea, bila kuulizwa mara mbili.

Jumatatu tukaenda kwa fundi wa AC. Akafunga geji, akautazama mshale mwekundu, akatutazama sisi. Akatoa gesi yote, akavuta hewa kwa mashine, akasafisha evapoleta, akapima gramu 450 kwenye mizani, akaweka filta mpya. Panya hatukumkuta.

"Hii gesi alijaza nani?" akauliza.

Shemeji, vidole vimefungwa bandeji, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kuna fundi mmoja huko mtaani kwetu. Kanjanja sana yule."

"Mlimlipa?"

"Bado," shemeji akasema, akanigeukia.