Pori la Selous lilikuwa na watu, tuseme ukweli

Kuna kauli naisikia kila matangazo ya utalii yakifika kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous, kwamba eti lile ni pori asilia ambalo binadamu hajawahi kuligusa, na kila nikiisikia inaniuma kwelikweli. Sio kweli jamani. Kule kulikuwa na watu, tena wengi tu, Wangindo, Wamatumbi, Wapogoro, Warufiji, wana mashamba yao, makaburi yao, njia zao za kwenda pwani Kilwa kufanya biashara. Na hawakuamka tu asubuhi moja wakaamua kuondoka.

Tuanze na Mjerumani maana ndo alianza. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kulinda wanyamapori, na moja ya mapori ya kwanza kutengwa lilikuwa upande wa Rufiji, jirani na Mohoro. Uwindaji ukawa wa leseni na leseni inalipiwa, kwa hiyo mtu ambaye babu yake na babu wa babu yake walikuwa wanawinda na kufukuza tembo shambani ghafla anaitwa mhalifu, halafu mzungu mwenye hela anaua tembo huyohuyo na kubeba pembe zake, kihalali kabisa. Wenyeji walikuwa wanalisema lile pori ni Shamba la Bibi, inasimuliwa kwamba Kaisari, yaani mfalme wa Ujerumani, alimzawadia mke wake. Sasa hata kama ni hadithi tu, mimi naona watu walishaelewa vizuri sana nini kimetokea kwenye ardhi yao.

Halafu ikaja 1905. Mwezi wa saba kule Nandete, Umatumbini, watu waling'oa pamba waliyokuwa wanalimishwa kwa nguvu, na moto ukawaka kusini nzima. Kinjikitile Ngwale, yule mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Agosti mwaka huohuo pale Mohoro, ndiyo, Mohoro hiyohiyo ya pori la akiba. Vita vya Majimaji tunafundishwa shuleni, tunamjua Kinjikitile, tunajua maji hayakuzuia risasi, ila sehemu ambayo mwalimu huwa anaipita haraka ni ile ya baada ya mapigano. Wajerumani walichoma vijiji, wakachoma maghala ya chakula, wakaharibu mashamba, wakaifanya njaa kuwa silaha, na waliokufa wanakadiriwa kuanzia 75,000 mpaka 300,000 hivi, na wengi wao ni njaa na magonjwa, sio risasi.

Sasa fikiria shamba ambalo mwenyewe amekufa au amekimbia. Mwaka wa kwanza majani, mwaka wa tatu vichaka, baadae mbung'o, wale inzi wanaoeneza malale, wanaingia, nguruwe wanaingia, tembo wanafuata, na ukishakuwa na mbung'o na tembo hata yule aliyebaki hawezi tena kulima wala kufuga. Mzungu akija miaka 15 baadae anakuta wanyama wengi na watu wachache, anaandika kwamba nchi ni tupu. Imefanywa tupu na nani? Hilo haliandiki.

Waingereza walipochukua nchi, mwaka 1922 wakayaunganisha mapori yale ya Mjerumani na kuyapa jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyepigwa risasi na Wajerumani pale Beho Beho Januari 1917. Ni mtu huyohuyo ambaye mwaka 1890 aliwaongoza njia watu wa Cecil Rhodes, tajiri mkoloni wa Kiingereza, kwenda kuchukua nchi ya leo inayoitwa Zimbabwe. Yaani eneo ambalo maelfu ya Waafrika walifia wakipinga ukoloni linapewa jina la mtu aliyekuwa anausaidia ukoloni kuingia. Na kaburi lake lipo palepale mpaka leo, watalii wanapelekwa kuliona.

Ila kilichonishtua zaidi mimi nilipoanza kusoma haya mambo ni miaka ya 1930 na 1940. Kulikuwa na bwana nyama mmoja, yaani afisa wa wanyamapori, Liwale, C.J.P. Ionides, ndo aliyesukuma sana mipaka ya Selous ipanuke. Ugonjwa wa malale ukawa sababu, watu waliokaa mbalimbali porini wakakusanywa kwenye makazi ya pamoja na kule walikotoka kukaunganishwa na pori la akiba. Sikatai, malale ulikuwepo kweli na unaua. Lakini ugonjwa ulipotulia mbona ardhi haikurudi? Ndo maana ukitembea maeneo yale ukakuta mwembe mkubwa katikati ya vichaka, hakuna nyumba, hakuna njia, ujue hapo palikuwa na kaya, mwembe hauji wenyewe kujipanda porini, kuna mama alikula embe akapanda kokwa nyuma ya jiko lake.

Tukapata uhuru, pori likabaki pori. Vikaja vitalu vya uwindaji, 1982 UNESCO ikaiweka Selous kwenye urithi wa dunia, tembo waliokuwa zaidi ya laki moja miaka ya 1970 wakateketezwa na majangili mpaka 2013 wakabaki kama 13,000. Mwaka 2019 Rais Magufuli akatangaza sehemu kubwa ya kaskazini iwe hifadhi ya taifa kwa jina la Mwalimu, zaidi ya kilomita za mraba 30,000.

Jina nimelipenda, nasema wazi. Na hifadhi naitaka ibaki, sio kwamba nasema tembo waondoke. Lakini kubadilisha bango getini halafu ukaendelea kumwambia mgeni ni pori lisilowahi kukaliwa, hapo bado tunaongea lugha ya Selous. Na madhara yake yapo, sababu mkulima wa Liwale au Rufiji tembo wakimaliza mahindi yake usiku mmoja anaambiwa yeye ndo amesogelea hifadhi, anazungushwa miezi na fomu za kifuta jasho, wakati historia inaonyesha wazi kabisa ni hifadhi iliyomsogelea babu yake.

Ninachotaka mimi ni kitu kinachowezekana kabisa. Pale geti la Mtemere iwekwe ramani ya vijiji vilivyokuwepo na majina yake, waongoza watalii wafundishwe habari za Ngarambe kama wanavyofundishwa habari za kaburi la Beho Beho, na vyuo vyetu vikuu vitume vijana Liwale hata na simu tu za kurekodi wakae na wazee. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 mwaka 1945 familia yake ikihamishwa, leo ameshavuka 80. Wachache waliobaki ndo wanaojua kijiji kipi kilikuwa mto gani na nani alizikwa wapi, kwa hiyo hii kazi ifanyike mwaka huu, isisubiri bajeti ya mwaka mwingine.