Koti la Mtumba Lililorudi Kwao

Februari mwaka jana nilifika Ujerumani, nikakaa siku 12, na kazi niliyoifanya huko ni kuzoa theluji. Sikuitafuta. Sikuiomba. Nilivaa tu.

Naishi Uyole, Mbeya. Nilizaliwa Makete kwa Walutheri, nikaoa huku kwa Wamoraviani, na mwanamume akishaoa huimba kwaya ya upande wa mkewe. Wamisionari wa Kimoraviani kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo wapo wenzetu huko wanaotuita ndugu. Wakija kututembelea huja na kofia za jua na dawa ya mbu, ingawa mbu wa Uyole mwenyewe anatafuta blanketi. Safari hii wakasema sasa ni zamu yetu. Tukateuliwa wanne: mchungaji, mama mmoja wa idara ya wanawake, katibu wa kwaya, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, mwimba besi. Tunakwenda Herrnhut, mji mdogo katika jimbo la Saxony ulioanzishwa mwaka 1722, kule Umoraviani ulikochipukia upya.

Jina langu liliposomwa kanisani, maisha yalibadilika kabla hata sijapanda basi. Mwenye duka ambaye hakuwahi kunikopesha hata kiberiti alianza kuniuliza kama sukari ipo nyumbani. Watu wakaleta oda: simu, viatu namba 42, "chochote tu Mwalimu, hata chokoleti." Mmoja alinipa kipimo cha kiuno cha mama yake.

Halafu yakaanza mateso. Pasipoti, shilingi 150,000. Dar es Salaam nimekwenda mara tatu, zaidi ya kilomita 800 kwenda na nyingine hizo kurudi, hata kona za Kitonga nazijua kwa makalio. Ada ya viza, yuro 90. Bima ya safari, lazima iwe na uwezo wa kulipa mpaka yuro 30,000. Mimi mwenyewe, nikiuzwa mzima pamoja na baiskeli yangu, sifiki huko. Na kikubwa kuliko vyote, uthibitisho kwamba nitarudi. Hapo nilijiona nimetukanwa. Nirudi? Mtu ana shamba la viazi, ana mke, ana madaftari ya darasa la tano hayajasahihishwa, asirudi aende wapi? Nikabeba barua ya mwajiri, cheti cha ndoa, na picha tatu za ng'ombe wangu.

Dada wa dirishani alizitazama zile picha kwa muda mrefu.

"Hawa ni wako?"

"Wangu, dada. Huyu mwenye baka anazaa mwezi wa tatu. Lazima niwepo."

Akainamia kompyuta yake, mabega yakimtikisika. Viza ikatoka. Mchungaji anasema ni maombi. Mimi najua ni yule mwenye baka.

Likabaki suala la baridi. Ndugu zangu wa Dar, ambao nyuzi 24 tu zinawavalisha soksi, walinitisha kwelikweli. Nikawacheka. Mimi nimekulia jirani na Kitulo, mwezi wa sita nilikuwa nakwenda shule nikikanyaga sakitu, ule umande ulioganda, peku, inalia chini ya nyayo kama unatembea juu ya bisi. Baridi ya Ulaya itaniambia nini? Lakini mke wangu hakutaka mabishano. "Baba watoto, ukifia huko kukurudisha ni gharama. Nenda Sido ukanunue koti."

Sido, soko la pale Mwanjelwa, kuna kijana ninayemfahamu, nimemfundisha hesabu darasa la nne na anazitumia dhidi yangu hadi leo. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu, umekuja siku yenyewe, belo nimelifungua asubuhi hii." Akachomoa koti. Jamani! Bluu iliyokoza, zito kama godoro la mtoto, ndani manyoya, mikononi michirizi myembamba inayong'aa, na mgongoni, kwa herufi nyeupe za ukubwa wa kiganja: WINTERDIENST.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ndiyo kampuni yao, Mwalimu. Ni kama Adidas, ila ya watu wazima. Na inatoka huko huko Ujerumani."

Mimi Kiingereza changu kinatosha kujua kwamba "winter" ni kipupwe. Hilo neno la pili nikalichukulia kama jina la ukoo. Akataja 45,000, tukamalizana 28,000, nikaondoka nikijua nimemwibia mwanafunzi wangu mwenyewe. Katibu wa kwaya, aliyenunua la dukani kwa 120,000, alilishika langu, akalipapasa, akakaa kimya. Ukimya ule ulinitosha.

Safari ya ndege siielezi. Nilikaa dirishani, nikaona bawa. Tulipita Addis Ababa, tukashuka Frankfurt, tukapanda treni ya kwenda Dresden, na hapo stesheni ndipo koti lilipoanza kazi.

Nimesimama zangu jukwaani, nimeupa umma mgongo. Akaja mzee wa suti na mkoba, akanisomesha maneno mengi huku akinionyesha ngazi zilizoganda barafu. Nikampa Kijerumani changu chote kwa mara moja: "Guten Tag!" Akatikisa kichwa, akaondoka amenuna. Baada ya dakika chache, mtu aliyekuwa akimwaga chumvi upande wa pili wa reli akaniinulia mkono, kama wanavyosalimiana madereva wa malori Tunduma. Nami nikamwinulia. Mchungaji akasema, "Mwalimu, hawa watu wamekupenda." Nikaamini. Hata katibu aliamini, maana alisogea karibu yangu ili na yeye apendwe.

Tukafika Herrnhut jioni. Mwenyeji wangu ni mzee mmoja mstaafu, mpole, aliyewahi kukaa Tanzania, Kiswahili chake cha zamani lakini kimenyooka. Chakula cha usiku kikawa mkate wa baridi, jibini ya baridi, na nyama ya baridi iliyokatwa nyembamba hadi unaona sahani upande wa pili. Jikoni hakuna moto, hakuna hata sufuria iliyofunikwa ya kukupa matumaini. Nikalala nikiota mbalaga, zile ndizi zetu za kupika.

Asubuhi, saa 12 na nusu, giza bado. Mimi nimezoea kukamua. Nikatoka nje kimyakimya ili nisiwaamshe watu, na hapo nikakutana nayo: theluji. Usiku kucha ilikuwa imeshuka, imefika katikati ya muundi, mji mzima umetulia kama umefunikwa shuka la hospitali. Nilisimama chini ya taa ya barabarani nikiishangaa. Kwa jinsi nilivyosimama, nadhani lile neno mgongoni lilikuwa linawaka.

Dirisha likafunguka. Bibi mmoja wa miaka themanini hivi akatoa kichwa na kusema neno moja ambalo baadaye niliuliza maana yake: "Endlich!" Yaani, hatimaye!

Akafululiza maneno. Akanyoosha kidole kwenye njia, akakinyoosha kwenye saa yake ya mkononi, akakinyoosha kwangu. Mimi kwa mtu mzima sina ubishi. Nikavua kofia, nikainama kidogo. Akapotea dirishani, akatokea mlangoni na gauni la kulalia, buti za mpira, beleshi, na ndoo ya vikokoto. Akanikabidhi.

Mnisikilize kabla hamjacheka. Kwetu, ukienda ukweni mara ya kwanza unaweza kupewa jembe waone kama mtoto wao ameangukia kwa mwanamume au kwa mlalaji. Nikajiambia, kumbe Wajerumani nao wana mila. Hapa wanapima wageni.

Nikapiga kazi. Theluji haina mawe, haina magugu. Ni shamba la mvivu. Tatizo lilikuwa niipeleke wapi. Bibi alikuwa na kijiuwanja pembeni, na mikono yangu inajua kitu kimoja tu cha kufanya na beleshi: nikapiga matuta. Matuta ya viazi kabisa, yamenyooka, sentimita 75 kati ya tuta na tuta kama mabwana shamba wetu wanavyofundisha. Nikamaliza kwa bibi, jirani akatoka kuangalia, akaninyooshea kwake. Nikamaliza kwa jirani, akaja wa tatu. Jasho likanitoka, koti nikalifungua zipu, nikaanza kuimba. Nilipofika kwenye tuta la tisa, nyimbo za kulima zilikuwa zimeisha nikahamia za Pasaka.

Ndipo kikaja kigari chenye taa ya machungwa juu. Wakashuka wanaume wawili wenye makoti mazito, na migongoni mwao, neno lile lile.

Tukatazamana. Wakatazama njia, safi. Wakatazama matuta. Mmoja akazunguka nyuma yangu taratibu, akasoma, akarudi mbele akamnong'oneza mwenzake. Kisha akanishika mkono kwa heshima kubwa na kunipa glavu.

Bibi alikuwa ameshanitolea kahawa, keki, na noti ya yuro 20 pale mwenyeji wangu alipotokea, na kandambili theluji ndani, akihangaika kumtafuta mgeni. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi katikati ya wale wawili, tunakula keki kama zamu moja. Akasoma mgongo wangu kwa mara ya kwanza kukiwa na mwanga. Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji, nikaogopa moyo wake.

"Mwalimu," aliniambia akifuta machozi, "hiyo si kampuni. Hilo neno maana yake ni huduma ya kipupwe. Ni watu wanaosafisha theluji."

Kumbe huko mwenye nyumba ndiye anayewajibika na njia iliyo mbele ya nyumba yake. Asubuhi iwe imesafishwa na imemwagiwa kokoto au mchanga. Mtu akiteleza na kuvunjika, mwenye nyumba anaweza kulipishwa. Wazee wasio na nguvu wanakodi watu. Wa kwake bibi walikuwa wamechelewa, na mimi nikawa nimewahi.

Bibi alipoelezwa alishika mashavu, akaomba radhi mara nane. Mimi mawazo yalikuwa kwingine kabisa. Viza yangu ilikuwa ya matembezi, nimeambiwa kufanya kazi ni marufuku, na mkononi nina yuro 20 za jasho pamoja na mashahidi wawili wenye glavu. Nikauona uwanja wa ndege. Nikamwona yule dada wa dirishani akizitazama tena picha za ng'ombe. Keki ikanikwama. Ile noti niliilaza chini ya mto kama bangi mpaka Jumapili, nikaitumbukiza kwenye sadaka. Bibi alikuwa viti viwili mbele yangu, akageuka, akaiona, akatabasamu.

Na hayo ndiyo yalikuwa madogo. Katibu wa kwaya alikuwa ametoka na simu yake, akanipiga picha nikiwa nimeinama na beleshi, matuta nyuma, akairusha kwenye kundi la kwaya: "Mwalimu kashapata ajira." Huko saa mbili ya asubuhi, Uyole ni saa nne, watu wote wako macho. Kabla sijavua buti, mjomba ameshapiga kuuliza kama wanaongeza vijana, maana wa kwake kamaliza kidato cha nne na mgongo anao. Jirani yangu Mnyakyusa alituma sauti ya dakika tatu, "Ndaga fijo, Mwalimu, Mungu hamtupi mja wake," yaani asante sana, na nyuma yake nasikia watu wanapiga vigelegele. Mke wangu aliandika swali moja tu: "Kwa mwezi au kwa siku?" Mwalimu mkuu, mtu wa taratibu, aliomba barua ya kuacha kazi iandikwe mapema.

Watu sasa wananiuliza kama Ulaya kuna maana. Ninachoweza kusema ni hiki. Theluji ni sakitu iliyokula ikashiba. Mkate wa baridi ni mkate wa baridi. Sifa zimezidi, na pilika za makaratasi zinaweza kumzeesha mtu. Lakini kule juu ya kilima chao kuna makaburi wanayaita Shamba la Mungu, mawe yamelala chini, sawasawa, mengi yake huwezi kujua tajiri ni nani na maskini ni nani, na sisi wanne tulisimama pale tukaimba Kiswahili huku mvuke ukitutoka midomoni. Hilo ningelirudia. Safari tatu za Dar, hapana. Na asubuhi tatu zilizoshuka theluji tena, nilikwenda kwa yule bibi kumsafishia njia, bila malipo, koti nimeligeuza ndani nje.

Hata hesabu yake inachekesha. Lile koti lilikuja Mbeya bila viza wala bima, limebanwa ndani ya belo. Kulirudisha kwao matembezi, nimelipa mimi.

Wiki iliyopita nimepita Sido. Mwanafunzi wangu aliniona kwa mbali, akaanza kuchimbua chini ya meza. "Mwalimu, nasikia mwakani anakwenda tena katibu wenu. Nina kitu chake hapa, gredi ya kwanza, na maneno yake ni makubwa kuliko ya lile lako."

Akalitandaza. Safari hii Kijerumani changu kilikuwa kimeongezeka, nikasoma bila kusaidiwa: FEUERWEHR. Zimamoto.

"Shilingi ngapi?"

"Elfu hamsini."

Nikalipa bila kuomba apunguze hata mia.