Tumbo si bomba la kuzibua

Kipaza sauti cha muuza dawa kimerudi sokoni Mwanga, Kigoma, na maneno yale yale: unafunga choo, unachoka, mgongo unauma, chupa moja inaosha tumbo na kutoa sumu zote. Watu wananunua. Keshokutwa watanunua tena, na hapo ndipo ilipo biashara yenyewe.

Ukinywa kitu kikakuharisha usiku kucha, utumbo mpana unabaki mtupu, na unahitaji siku 2 au 3 kujaa tena. Asiyeambiwa hivyo anaona kesho yake hakuna choo, anasema tatizo limerudi, anaongeza kifuniko kingine. Kumbe kuhara kumeshaondoka na maji na chumvi za mwili, sodiamu na potasiamu. Maji yakipungua, tezi zilizokaa juu ya figo hutoa homoni ya kuziamuru figo zishike sodiamu, na gharama yake ni potasiamu zaidi kupotelea kwenye mkojo. Msuli uliokosa potasiamu hulegea: wa mguu, wa moyo, na wa utumbo wenyewe. Sasa choo kinafunga kweli. Hongera, mteja wa kudumu kapatikana!

Haya, nakubali shingo upande kwamba dawa za kusukuma utumbo zina mahali pake. Mtu mzima akimeza bisakodili ya mg 5, kidonge 1 au 2 usiku, kwa siku chache tu, asubuhi mambo huenda. Lakini hiyo ina kipimo kwenye pakiti. Chupa ya maji ya Uhai iliyojazwa majimaji meusi ina kipimo gani?

Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Kwa siku hupokea majimaji ya lita 1 hadi 1.5, na yanayotoka na choo ni mililita 100 hadi 200 tu. Kila saa unayobana, kinyesi kinazidi kukauka. Mvuvi wa dagaa aliyetoka Kibirizi jioni atabana hadi alfajiri, afanye nini? Basi akifika nchi kavu anywe uji wa moto, asubiri dakika 15 hadi 30, aende. Tumbo la juu likitanuka kwa chakula, mishipa ya fahamu huuamsha utumbo mpana, na asubuhi mwamko huo ndio wenye nguvu. Kuchuchumaa kunalegeza msuli unaoshikilia njia. Mwenye choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu.

Ugali wa muhogo kwa mgebuka wa mawese ni mtamu, nani abishe, ila samaki hana nyuzinyuzi hata chembe, yaani zile sehemu za mmea zisizosagwa tumboni zinazolainisha choo, na mafuta vilevile. Weka maharage, kisamvu, papai. Ongeza polepole, la sivyo ni gesi tupu, na unywe maji, maana nyuzinyuzi kavu huzidisha kukwama.

Vidonge vya damu hufunga choo. Mama mjamzito asiviache, awaambie kliniki. Mtoto anayechafua nguo kwa uharo kidogo kidogo huenda amefunga choo: majimaji yanapenya pembeni ya kinyesi kigumu, na nyumbani anapewa dawa ya kuzuia kuhara!

Damu kwenye choo, au uzito kupungua bila sababu, ni vya daktari. Tumbo likivimba, ukatapika, hata ushuzi hautoki, huenda utumbo umejisokota: hospitali usiku huo huo, bila kula, na bila dawa yoyote ya kuharisha.