Gari haina nguvu, washauri wana nguvu balaa

Aliyesema ukinunua gari umemaliza shida ya usafiri aje hapa Kigoma anisaidie kusukuma. Mi nina Carina Ti, ile ya zamani, injini 5A, imewazidi umri wanangu wote na ina heshima yake mtaani. Kwenye tambarare kule Ujiji inatembea fresh kabisa mpaka unajisahau unatoa kiwiko dirishani. Sasa ngoja ianze kupandisha kutoka stesheni kuja Mwanga. Unakanyaga mafuta, injini inaunguruma, mshale wa spidi umelala, unakanyaga tena mpaka chini kabisa, mshale ndo kwanza unarudi nyuma. Bodaboda zinanipita, sawa, wale wana haraka zao na Mungu. Ila kuna siku kanipita jamaa anasukuma baiskeli ina madumu ya mawese, akageuka akaniambia pole kaka. Mtu anasukuma baiskeli mlimani jasho linamtoka, anamwonea huruma aliyekaa kwenye siti!

Na ukitaka kujua Kigoma ina mafundi wangapi we sema tu mbele ya watu "gari yangu haina nguvu". Jirani akasema plagi, nikanunua plagi. Shemeji akasema filta ya mafuta, nikabadilisha, ikafuata pampu kwa sababu eti filta mpya inataka pampu mpya. Kijiweni wakasema mafuta ya siku hizi yamechakachuliwa. Nikashuka zangu Kibirizi kununua migebuka, muuza samaki, mtu ambaye hana hata toroli, akanishika bega akaniambia "bro hiyo ni gasketi, usipoteze hela". Yaani kila mtu anajua cha kubadilisha na hakuna hata mmoja anayejua cha kupima, na hela ya kubadilishia inatoka mfuko mmoja tu, huu wangu.

Nikasema basi, niende kisasa. Nikaita fundi kijana mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kaja na kibegi, glovu nyeusi, saa kubwa. Kainama chini ya usukani anatafuta pa kuchomeka, kapapasa huku, kapapasa kule, kawasha tochi ya simu, hakuna tundu. Toyota nyingi za Japani za miaka ile tundu lake liko kwenye boneti na mashine yake wala haiingii pale, hilo hakulijua, na hela ya "kupima" kachukua vilevile. Halafu bila hata kuwasha gari akatoa hukumu: bosi, injini imechoka, tushushe nyingine. Nikauliza kiasi gani, akataja, nikakaa kwenye tairi la spea. Wakati anafunga kibegi chake akaniambia kwa upole sana, "ila hayo masega ya kwenye eksozi, yale ya kusafishia moshi, naweza nikakutolea bure tu, gari ipungue uzito". Bure! Fundi huyuhuyu aliyenichaji kwa kushindwa kuchomeka waya leo anataka kulala chini kwenye vumbi, afungue nati zenye kutu, bure, kwa mapenzi tu aliyonayo kwangu. Nikamwambia yaache, mi uzito naupenda.

Sasa mkasa wenyewe ulinikuta na mama mkwe. Nimemfuata Mwandiga, kakaa siti ya mbele, katulia na kanga zake, kapakata mfuko wa migebuka. Tukaanza kupandisha vilima. Nikaona anainua mguu mmoja. Anaushusha. Anainua mwingine. Mi nikajua ni miguu ya uzee inamsumbua, kumbe sakafu inawaka! Akaniuliza, "Baba Asha, humu ndani kuna jiko?" Kabla sijajibu ikaingia harufu, harufu ya yai viza, nzito, imejaa gari zima. Jamani. Mi nikatazama barabara. Mama mkwe akatazama dirishani. Kila mtu anajua si yeye, na kwa adabu ya ukwe hakuna wa kuuliza, tukaenda hivyohivyo vioo vikishushwa polepole, kila upande na cha kwake, mpaka nyumbani. Jioni mke wangu ananiambia eti mama kasema nipelekwe hospitali, nicheki tumbo.

Ndo nikaenda kwa mzee mmoja wa Gungu, gereji chini ya mwembe, shikamoo, marahaba. Huyu hata boneti hakufungua kwanza. Kaniambia washa, kanyaga, shikilia hapohapo. Akazunguka nyuma akaweka kiganja kwenye tundu la eksozi. Akatikisa kichwa. Akaniita na mimi niweke mkono, pumzi inayotoka ni ndogo mno kwa kelele zote zile za injini. Moshi wenyewe si wa buluu, maana yake haili oili, wala si mweupe ule mzito wa maji kuingia ndani, basi gasketi ya muuza samaki ikafia hapo. Halafu akafungua boneti, kwenye kile kiboksi cha majaribio akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, kile kile cha kufungia mkaa, akafungua swichi, taa ya injini ikawa inapepesa sawasawa bila kutulia. "Kompyuta haijaona kosa," akasema, "ila kompyuta haina pua." Nikataka kumkumbatia, kumbe na yeye ameisikia harufu!

Akafungua ile oksijeni sensa iliyo mbele ya masega, akaacha tundu wazi, akaniambia kapande nayo mlima. Kelele zake, watu wa Mwanga walitoka nje wakidhani ni trekta, lakini gari ilipanda jamani, ilipanda! Moshi ulikuwa umepata pa kutokea. Yale masega ni kauri yenye vitundu vidogo vidogo vingi, na vilikuwa vimeyeyuka vikazibana, kwa hiyo gari ilikuwa inakimbia mlima huku imezibwa pua na mdomo. Kwenye tambarare moshi ni kidogo, unajipenyeza. Ukikanyaga mafuta unakuwa mwingi, hauna njia, unarudi kuikaba injini, na joto lote linabaki hapo chini ya miguu ya mama mkwe.

Akayagonga kwa nyundo ya mpira, ndani yakalia kama njuga. Mi mbio nikauliza mengine bei gani, akanizuia, "Kijana, kwanza muuaji." Kumbe waya mmoja wa plagi ulikuwa umepasuka unavujisha umeme, tukasubiri giza liingie akanionyesha cheche za buluu zinarukia kwenye chuma. Silinda ya waya huo ilikuwa haichomi, petroli mbichi inatoka na moshi kwenda kuungulia ndani ya masega. Plagi mpya nilizonunua zinakaa kwenye waya uleule mbovu, washauri wote walisikia gari ina misi, yaani silinda moja inakosa moto, na hakuna aliyegusa waya. Na waya ndo kilikuwa kitu cha bei rahisi kuliko vyote nilivyonunua.

Sasa hivi kila mtu alisema. Jirani alisema, shemeji alisema, hata yule wa Kibirizi ananiambia gasketi aliyomaanisha ni ya eksozi. Yule wa kibegi naye kanipigia kuulizia hali ya gari, ana upendo sana huyu kijana, halafu akapitisha kwa mbali, "na yale masega mabovu bosi, mmeshayatupa?" Mzee wa Gungu alishanidokeza kuna platinamu na paladiamu mle ndani, na kuna watu wanapita kuyanunua. Nikamwambia yapo chini ya kitanda, aje na mizani, na ile hela yangu ya kupima aje nayo pia.