Mvivu, au amenyamazishwa?

Mtoto wa darasa la pili hapa Moshi huulizia shule hata Jumamosi. Mkute kidato cha pili: kumtoa nyumbani asubuhi ni mpaka afokewe. Wazazi wengi hulaumu simu, makundi na bodaboda, na hawajakosea kabisa. Kijana anayemwona kaka wa jirani akirudi na hela mfukoni kila jioni lazima ajiulize milinganyo itamfikisha wapi. Umri nao una mambo yake. Hata Marekani, ambako mtoto habadilishiwi lugha njiani, mwanasaikolojia Jacquelynne Eccles na wenzake waliandika mwaka 1993 kuhusu hamu ya shule kushuka wakati wa balehe. Ila hawakumtupia mtoto lawama: walionyesha kwamba kijana anapoanza kutaka kusikilizwa, ndipo shule inapombana zaidi.

Sisi juu ya hilo tunamwongezea Kiingereza.

Ingia darasa la sita la shule ya msingi ya serikali, Pasua au Njoro, kipindi cha sayansi. Mwalimu akiuliza mmea hutengenezaje chakula, mikono inagombania kuonekana, na hakosekani wa kueleza kwa nini mahindi ya kivulini kwao yamedumaa. Mtoto huyohuyo akifika sekondari anafundishwa usanisinuru uleule kwa Kiingereza, lugha ambayo shule ya msingi ilikuwa somo tu. Jibu analo, maneno hana. Ananakili ubaoni, mwalimu akiuliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia ndiyo, na kipindi kinaisha bila swali hata moja. Kisha ripoti inakuja nyumbani: hana bidii.

Wanaotetea Kiingereza wana hoja. Vyuo vinakitaka, na utalii unalisha familia nyingi Moshi na Arusha. Akijue, tena vizuri. Lakini kujifunza Kiingereza ni jambo moja, kujifunzia fizikia kwa Kiingereza usichokijua ni jingine. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imefikisha elimu ya lazima miaka 10 na kuleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, ila mpaka huo wa lugha imeuacha palepale. Kwa hiyo sasa tutamlazimisha kukaa hadi kidato cha nne humohumo aliponyamazia.

Mwalimu wa kidato cha kwanza aruhusiwe waziwazi kueleza na kupokea majibu kwa Kiswahili mwaka mzima, Kiingereza kikifundishwa kwa nguvu pembeni. Tutajua upesi ni wangapi kati ya hao tunaowaita wavivu walikuwa na majibu.