Mateka aliyewageukia

Wanaosimulia habari za Red Hugh O'Donnell, mtawala wa Ireland aliyepigana na Waingereza, hupenda kuanza na ushujaa wake. Mimi naanza na mvinyo. Mwaka 1587 Sir John Perrot, aliyekuwa akiitawala Ireland kwa niaba ya Malkia Elizabeth I, alituma meli Lough Swilly, kule Donegal, ikijifanya ya biashara. Kijana huyo, mtoto wa mtawala wa ukoo wa O'Donnell, alikuwa na miaka kama 15 tu na yuko ugenini Rathmullan. Wenyeji wakaambiwa mvinyo wa kuuza umekwisha, ila bwana mdogo akipanda melini atakaribishwa. Akapanda, akanyweshwa, milango ikafungwa, akapelekwa kufungwa katika ngome ya Dublin.

Hesabu ya Perrot ilikuwa rahisi: mshike mtoto, baba atatulia. Tena kijana alikuwa ameposeshwa binti wa Hugh O'Neill wa Tyrone, na muungano wa koo hizo mbili uliwanyima Waingereza usingizi. Kwangu huo ulikuwa upumbavu uliovishwa joho la busara. Baba yake alikuwa mtu wa kuzungumza na Dublin. Kijana aliyelelewa kwa minyororo angezungumza nao nini?

Alitoroka mara ya kwanza, akarudishwa. Januari 1592 akatoroka tena pamoja na wafungwa wenzake, Art na Henry O'Neill, wakipenya chooni na kuteremka kwa kamba. Henry wakapotezana naye. Hugh na Art wakaingia milima ya Wicklow, theluji inaanguka, makoti wameyaacha nyuma. Watu wa Fiach McHugh O'Byrne, chifu wa milima hiyo, walipowafikia, Hugh alikuwa ametafuna majani ili ashibe. Art hakuweza hata hayo, akafia palepale. Hugh alipona, lakini vidole gumba vya miguu viliharibiwa na baridi, vikakatwa.

Huku nyuma, mama yake, Iníon Dubh, Mskoti, alikuwa akimtunzia kiti cha utawala kwa msaada wa askari wa kukodi kutoka kwao. Wapinzani wawili wa mwanawe waliuawa. Mama huyu hasimuliwi inavyostahili, labda kwa sababu hadithi yake si safi.

Mwaka huohuo Hugh akatawazwa, na ile ndoa iliyoogopwa ikafungwa. Yeye na Hugh O'Neill, baba mkwe wake, wakapigana bega kwa bega. Mwaka 1598, pale Yellow Ford, kaskazini mwa Ireland, jeshi la malkia lilichapwa vibaya. Walishindwa Kinsale, kusini mwa Ireland, mwanzoni mwa 1602, naye Hugh akafia Simancas, Hispania, mwezi Septemba, akitafuta msaada zaidi.

Perrot hakuyaona yote hayo. Alifia kifungoni katika Mnara wa London mwaka 1592, akiwa amehukumiwa kwa kumsaliti malkia yuleyule aliyemtumikia.